Mgeni Asiyekula Uji

Wasifu wa marehemu ulisomwa kwa dakika tatu. Kijana aliyeusoma alikuwa na sauti nzuri ya kwaya. Akatamka mwaka wa kuzaliwa, ndoa, watoto, wajukuu, ugonjwa wa figo, na kati ya ndoa na ugonjwa akapitisha sentensi moja: "Marehemu alifanya kazi ya askari wa wanyamapori wa kijiji." Kisha tukaimba, tukatupia udongo, tukaenda kula. Nilikaa kwenye benchi nyuma ya nyumba ya msiba, sahani ya wali na maharage mapajani, nikawasikia wanawake wawili waliokuwa wakiosha masufuria wakibishana kama marehemu Luka alikuwa mkali au mpole. "Mkali," alisema mmoja. "Alimkamata shemeji yangu na mitego yake ya waya." "Mpole," akajibu mwenzake bila kuinua macho. "Si alimwachia? Si akamfundisha na kufuga nyuki? Asali mnayokula kwenu inatoka wapi?" Nilitamani kuingilia, lakini mimi ni nani pale Idodi? Nilikaa mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimefeli kidato cha nne, nimetumwa kutoka Mwanjelwa kwenda kwa mama yangu mdogo ili nirudie mtihani mbali na macho ya watu. Sasa umri wangu ni ule aliokuwa nao Luka tulipokutana, na kila nikiandika sentensi ninayojivunia, najua ni nani aliyenifundisha kutazama kabla ya kusema.

Mama mdogo Zaituni alikuwa na mgahawa kando ya barabara iendayo hifadhini. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu: kimoja cha meza, kimoja cha kulala, na cha mwisho stoo ya mchele, yenye sakafu ya saruji na harufu ya magunia, mafuta ya alizeti na panya waliokuwa wakimshinda paka. Jiko lilikuwa nje, chini ya bati. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshaswali na maji ya chai yanachemka; saa moja madereva wa malori ya mpunga walikuwa wanapiga kelele za supu. Alikuwa na sheria moja tu, nayo aliisema kwa mtu yeyote, mwenye hela na asiye nayo: hakuna anayetoka kwa Zaituni na njaa. Nilimwona akimwita mwendawazimu wa barabarani arudi amalizie chapati yake. "We, rudi hapa! Unataka watu wanisemeje?" Mimi, mtoto wa soko, niliyekulia kati ya mabanda ya vitenge na makondakta wanaoita abiria, nilikuwa nimezoea kwamba chakula kinauzwa. Kwa Mama mdogo kiliuzwa pia, lakini kwanza kililiwa.

Kila asubuhi, awamu ya kwanza ya wateja ikiisha, Luka aliingia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa mtu mrefu mwembamba wa Kihehe, mwenye koti la kijani lililopauka mabegani na ndala za tairi. "Kamwene, Mama," angesema, na Mama mdogo, ambaye Kihehe chake kiliishia hapo, angejibu, "Kamwene, Baba Tumaini, kaa, chai hiyo." Ofisi ya wilaya ilikuwa imeanza kudai ripoti ya kila mwezi, na mwandiko wa Luka, kwa maneno yake mwenyewe, ulikuwa wa kuku aliyekanyaga majivu. Basi alinunua daftari kubwa, akaniweka mimi mbele yake kwenye meza ya kona, akaanza kuniita Karani. Sikuomba kazi hiyo. Mama mdogo ndiye aliyeniazima, kama anavyoazimwa mtu ungo wa jirani.

"Karani, andika. Fisi wawili, bondeni nyuma ya mashamba ya mpunga."

"Umewaona?"

"Sikuwaona. Nimeona nyayo."

"Utajuaje si mbwa wa Mzee Yohana?"

Alicheka, akachovya kidole kwenye chai, akachora mezani. "Fisi mguu wake wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Mbwa wa Mzee Yohana miguu yake yote ni sawa, isipokuwa ule uliokanyagwa na lori. Na angekuwa chui, kucha usingeziona, anazificha akitembea. Haya, futa hapo kabla mama yako mdogo hajaniona nachafua meza."

Ndivyo nilivyojifunza. Kwanza mezani, kwa chai iliyomwagika. Kisha, siku za Jumapili baada ya yeye kutoka kanisani, kwa miguu, kwenye ukingo wa mashamba. Alinionyesha kinyesi cha fisi kilivyo cheupe kwa sababu ya mifupa anayotafuna. Alinionyesha ndege mumbi, mweusi, mkubwa kama bata mzinga, mwenye koo jekundu, akitembea majanini kama mwalimu wa zamu, na akaniambia kwamba jozi moja hulea kifaranga mmoja tu, kwa hiyo anayevunja yai moja la mumbi amevunja mwaka mzima. Siku moja tuliona kundi la mbwa mwitu likivuka mto mkavu. Niliona viraka vyao vya njano, vyeusi na vyeupe, masikio ya mviringo kama vijiko vya upawa, ncha za mikia nyeupe zikipepea. Nilisema, "Fisi!" Hakunikemea. Alingoja wapite wote, kisha akasema taratibu, "Watu hapa kila wasiyemjua humwita fisi, halafu humwekea sumu. Tazama tena, uwe na jina lake." Nikatazama tena. Sijaacha kutazama tena mpaka leo.

Lakini yuko mnyama mmoja ambaye hakuwahi kuingia kwenye daftari letu. Luka alikuwa amemwona mara mbili tu maishani, na mara ya mwisho alikuwa bado kijana. Alimchora kwenye vumbi nje ya jiko: mgongo wenye magamba yaliyopangana kama tunda la msonobari, kichwa kidogo, mkia mpana. Kakakuona. Alisema hutembea kwa miguu miwili ya nyuma, ameikunja ya mbele kifuani kama bibi anayekwenda kanisani na kitabu chake, na mkia unaacha mstari kati ya nyayo. Hana meno hata moja. Ana ulimi mrefu mwembamba wa kulambia mchwa na siafu. Akiogopa hajui kukimbia wala kuuma. Hujikunja akawa mpira, akangoja dunia ipite. "Ndiyo maana wanakwisha," alisema. "Simba mpira ule unamshinda. Mtu anauokota." Kisha akanitazama kwa namna ambayo sikuizoea kwake. "Ukimkuta, Karani, kaa mbali, mwangalie, niletee habari. Usimshike. Mnyama msaada wake wa kwanza ni kumwachia njia." Nilisema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli, na hilo ndilo linaloniuma.

Novemba ile mvua ilichelewa. Mzee Yohana, mwenye mbwa mwenye kilema, alikuwa amepanda mahindi mara mbili na mara mbili mbegu zikaoza kwenye vumbi, kama alivyosema mwenyewe huku akitafuna muwa mezani kwetu. Alikuwa mtu wa utani mwingi, na mwezi ule utani ulimkauka. Wanaume waliongea kwa sauti ya chini. Mama mdogo alipunguza maji ya kuoshea, akaongeza dua. Alfajiri moja nilitoka kuchukua kuni, na pale kati ya lundo la kuni na ukuta wa jiko, mwanga bado wa kijivu, akawa anapita mtu mfupi amevaa mabati. Sikukosea hata kidogo. Niliona miguu miwili, mkia ukiburuta, pua ikinusa chini. Nilimtambua kama unavyomtambua ndugu uliyesimuliwa tangu utoto. Moyo wangu ukasema neno moja: Luka.

Alikuwa doria ng'ambo ya mto, angerudi siku ya tatu. Nilifikiri jinsi uso wake utakavyokuwa. Nilifikiri ripoti, mwandiko wangu, jina la mnyama kwenye ukurasa safi. Sikufikiri kitu kingine. Nikachukua ungo, nikamzuia njia. Akajikunja pale pale, kimya, mzito, mwenye joto, na mimi, niliyefundishwa kutoshika, nikamviringisha kwenye beseni la vyombo na kumpeleka stoo.

"Bismillahi," alisema Mama mdogo alipowasha kibatari. "Umeleta nini kwenye mchele wangu?"

"Kakakuona. Ni wa Afande Luka. Mpaka arudi tu."

"Huyo si ndiye wanaomwita Bwana Mganga? Mwanangu, mimi sitaki ramli kwenye nyumba hii."

Lakini dereva mmoja alikuwa amechungulia nyuma yake, na kufikia saa mbili asubuhi uwanja ulikuwa umejaa. Kule, na kwa Wasangu wa bondeni, kakakuona hatembei tu, huwa ameshuka. Wazee walisema hutoka mbinguni kwa waliotutangulia, na akimtokea mtu mchana, ana neno. Hauawi, hafukuzwi. Hufunikwa kaniki nyeusi, hukaa kwa yule aliyetokewa, kisha hutolewa uwanjani na kuwekewa vitu mbele yake, maji, unga, jembe, mkuki, na mwenye kujua maneno humwuliza mwaka utakuwaje. Anachokiendea ndicho jibu. Mwenye kujua maneno pale Idodi alikuwa Mzee Yohana, na Mzee Yohana alikuwa amekwenda kuzika mkwewe Tungamalenga. Ilibidi asubiriwe. Na mimi nilifurahi kwamba atasubiriwa, kwa sababu kila siku ya kumngoja Mzee ilikuwa pia siku ya kumngoja Luka, na desturi ya watu ilinipa sababu ya kusema, maana ile yangu mwenyewe ningeionea haya.

Hakuna mgeni aliyewahi kupendwa vile. Wanawake walipiga magoti mlangoni. Mmoja alileta kaniki mpya, mwingine maziwa, mwingine unga wa ulezi uliosagwa siku hiyo. Nilimpikia uji mwepesi. Nilimwekea nyama ya mbuzi iliyokatwa ndogo ndogo, yai, ndizi mbivu. Mama mdogo alikuwa ameshasahau hofu yake ya ramli. Alinipa sahani yake ya udongo ya Idi, akasema plastiki si adabu. Siku nzima mgeni alikuwa mpira chini ya kaniki. Magharibi ikiingia alijikunjua, akazunguka stoo akifuata ukuta, pua ikigusa saruji, kucha zikikwaruza sakafu: kwaruu, kwaruu. Alipita juu ya nyama. Alipita juu ya ndizi. Aliingiza mguu kwenye uji, akaendelea. Watu mlangoni walinong'ona kwamba anafunga, wageni wa mbinguni hufunga. Niliitikia. Mimi niliyeambiwa hana meno, mimi niliyeandika kwenye daftari mnyama gani anakula nini, niliitikia. Siku ya pili mkwaruzo ulikuwa mfupi. Siku ya tatu, jua lilipoanza kuinama, aliinua kichwa tu, akakirudisha.

Luka alifika akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa nimejiandalia maneno: nimekuwekea zawadi. Alipiga goti, akafunua kaniki, akaweka kiganja mgongoni pa mnyama, akakiacha hapo. Kwa pumzi moja uso wake ulikuwa kama nilivyoutazamia. Kisha haukuwa.

"Siku ngapi?"

"Tatu."

"Amekula nini?"

"Nimempikia uji."

Laiti angenipiga. Aliuinua ule mpira kidogo, kama mtu anayepima mtoto, akauteremsha. "Amekauka," alisema. "Leo akikosa mchwa, kesho tunamzika. Ulimzuia wewe?"

"Ndiyo, Afande. Nilitaka umwone."

"Nimemwona," alisema.

Alipotoka, Mzee Yohana alikuwa ameshaketi meza ya mbele, bado na nguo za msibani, wazee wawili pembeni yake, na vijana wamejaa dirishani. Mkuki ulikuwa umeegemezwa ukutani karibu na kalenda. Luka alisalimia, akaagiza chai, akakaa. Nilijua, na kila mtu alijua, kwamba sheria ilikuwa upande wake: mnyama yule hagusiki, na angeweza kusema neno moja tu la serikali akamchukua. Vilevile nilijua, maana mimi ndiye niliyeandika ripoti, kwamba kila mtego wa waya aliowahi kuung'oa alionyeshwa na mtu wa kijiji. Wakinyamaza wao, angebaki na ndala zake tu.

"Mzee, huyu mnyama inabidi aondoke leo," alisema. "Yuko hoi."

"Baba Tumaini," alisema Mzee Yohana, "siku hizi mvua nayo inatoka wilayani?"

Dirisha likacheka. Luka akanywa chai.

"Nimepanda mara mbili," Mzee aliendelea, na sauti ikamtetemeka kidogo. "Mbegu ya tatu ndiyo ya kula. Nikiipanda ikafa, watoto wanakula nini? Nikiila, napanda nini? Sitaki kumdhuru babu huyu. Nataka nimwulize neno moja. Kesho asubuhi, kwa utaratibu, watu wote wakiwepo. Sisi hatuna ubaya naye. Tumempa kila kitu."

"Mmempa kila kitu," Luka alisema. "Hajala."

"Anafunga."

"Hana meno, Mzee. Hali uji, hali nyama. Anakula mchwa na siafu, na si siafu wote, anachagua. Ndani ya stoo hakuna hata mmoja. Ana njaa siku ya tatu."

Hapo ndipo mwiko wa kupikia ulipoanguka. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mkono bado juu kana kwamba anaushika. "Unasema nini, Baba Tumaini? Ana njaa? Siku tatu? Kwangu?" Kijana mmoja akaropoka, "Mama Zaituni amepata mteja wa kwanza aliyekataa pilau!" Watu wakacheka, akacheka hata Mzee, lakini Mama mdogo hakucheka, na kicheko kikafa kimoja kimoja. "Nimemfungia mgeni kwenye chumba," alisema, "nimemwekea chakula nisichomuuliza kama anakila, nimejisifu kwa majirani. Yohana, kwenu hilo linaitwaje? Kwetu linaitwa aibu." Machozi yalikuwa yakimtoka. Nilifungua mdomo niseme ni mimi, si yeye, ni mimi niliyemzuia njia na ungo wakati alikuwa anakwenda zake. Nikasema. Nililisema mbele ya watu wote, sauti yangu ikapanda kama ya mtoto. "Alikuwa hajaja kwetu. Alikuwa anapita."

Mzee Yohana alinitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimemnyang'anya kitu, ninaona hivyo leo. Mnyama aliyeshuka na mnyama aliyekamatwa na karani mwenye haraka si kitu kimoja. Angeweza kuninyamazisha. Badala yake akasukuma kikombe, akasimama taratibu, magoti yakilia. "Kuna kichuguu shambani kwangu," alisema, "upande wa mbegu zilizokufa. Mchwa ndio wanaoneemeka mwaka huu. Twendeni naye huko. Nitamwulizia huko huko."

Tulikwenda kama watu wanaokwenda kwenye harusi ya mgonjwa, haraka na kimya. Luka alimbeba kwenye kaniki, kifuani. Nyuma yake Mzee na mkuki na jembe, Mama mdogo na kibuyu cha maji, mimi na unga. Jua lilikuwa limebakisha kiganja kimoja juu ya milima. Luka alivunja ukingo wa kichuguu kwa kisigino, akakuta na gogo lililooza linalotembewa na siafu wadogo weusi, akamlaza pale. Mzee akapanga vitu vyake kwenye mstari, hatua chache mbele. Kisha Luka akaturudisha nyuma, mbali, mpaka tukawa tumesimama kwenye matuta makavu tukipeana mabega. Mpira haukujongea. Mtoto alikohoa, akazibwa mdomo. Mama mdogo alikuwa akisoma kitu chini ya pumzi. Mimi nilikuwa nikitazama gamba moja tu, la juu, nikiliomba lisogee, na kwa muda mrefu halikusogea, na mwanga ulikuwa unakwisha.

Likasogea. Pua ikatoka kwanza, ndogo, ya kizee. Akasimama, akayumba, akaanguka kwa ubavu, na mkono wa Luka ukanishika begani kwa nguvu, sijui kama ni kunizuia mimi au kujizuia yeye. Akasimama tena. Alipiga hatua mbili kuelekea kwenye vitu, na watu wote wakavuta pumzi kwa pamoja. Akanusa upande wa maji. Akageuka. Akalirudia gogo, akaingiza kucha, akachimba kidogo kwa udhaifu kama mtu anayekuna mkono uliokufa ganzi, kisha ulimi ukatoka, mrefu kupita akili, unang'aa, ukaingia, ukatoka, ukaingia.

Mzee Yohana alikuwa amesogea hatua moja mbele ya wengine. Kofia mkononi. Maneno alikuwa nayo mdomoni. Niliyaona yakimtembea kwenye mashavu. Tukangoja. Ulimi ulitoka na kuingia. Siafu walikuwa wakimpanda usoni, naye akifumba macho na kuendelea kula. Hatimaye Mama mdogo, yule yule asiyetaka ramli, akashindwa kuvumilia, akamvuta koti.

"Mzee, si umwulize? Giza hilo linaingia. Mvua yako je?"

Mzee hakugeuka. Alikuwa akitazama kama Luka alivyonifundisha kutazama, na uso wake, uliokauka mwezi mzima, ulikuwa umelegea.

"Zaituni," alisema kwa kunong'ona, "wewe mtu akiwa na tonge mdomoni, unamwuliza habari?"